Sitaha ya Anselme

Rafiki yangu Rémy Kashindi, wa Nyamianda, kando ya ziwa, uzeeni alirudia kuunda meli ndogo za plastiki, kama utotoni. Moja aliiandika ubavuni "Anselme", jina la kaka yake aliyezama ziwani. Aliitaka iwe tayari kwa misa ya kumkumbuka. Lakini sitaha ilikataa kushika. Kole, ile gundi, ilimganda vidoleni tu.

Mkewe Georgette alimwonya: "Baba Mapendo, bato haipewe jina mbele ya kugusa maji. Na weye mutoto wa ziwa."

"Hii iko plastiki. Uniache."

Jioni sitaha ikashika, kisha umeme ukakatika. Gizani wakasikia maji yakisukasuka ndani ya meli, na kitu kikigonga sitaha kutoka chini, kwa haraka. Rémy akaivuta sitaha ili kuifungua, akaichokonoa kwa kisu. Sasa haikubanduka.

Kugonga kukawa taratibu, kisha kukanyamaza.