Pete ya Kitako cha Chupa

Gurudumu la kung'arishia mawe lilikuwa linazunguka, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Fundi Jicho alilisikia akiwa mezani, tonge mkononi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, ukuta mmoja tu na pale walipokula, na sauti ya mashine ile aliijua kama mtu anavyokijua kikohozi cha babake. Vuuu, vuuu, polepole, kama inavyozunguka ikikaribia kusimama. Ila haikusimama.

"Umeme umerudi?" mkewe aliuliza, akabonyeza swichi ya taa. Taa haikuwaka.

"Ni upepo."

"Upepo gani huo wa kuzungusha mashine?"

Jicho alikwenda kutazama. Alipofungua mlango, gurudumu lilikuwa limetulia tuli, lakini hewa ilinuka jiwe lililoungua, harufu kavu ya kukereketa koo, na mtungi wa gesi ulikuwa umefungwa. Akarudi, akanawa upya, akasema hakuna kitu. Muda mfupi kabla ya hapo mkewe alikuwa amemuuliza jambo dogo tu, kama pete ya mama yake ilitoka salama, naye alikuwa amejibu, "Salama kabisa. Mimi tena!"

Haikutoka salama.

Hilo jina la Jicho hakulipata bure. Yale mawe meusi yatokayo kwenye milima ya moto, ambayo wenye vitabu huyaita obsidiani, yana tabu yake: nayo ni kioo, kioo kilichopikwa na ardhi, na ndiyo maana kioo cha kiwandani huyaiga vizuri mno. Wachuuzi huyakwaruza kwa sindano, huyaweka shavuni kuona kama ni ya baridi, kisha huapa. Jicho aliwacheka mpaka machozi yakamtoka. "Sindano na shavu vitakwambia nini? Kioo na kioo, vyote baridi, vyote vinakwaruzika! Ukingo, bwana. Ukingo upeleke kwenye jua." Ukingo mwembamba wa jiwe la kweli hupitisha mwanga wa rangi ya moshi, kahawia kama chai ya rangi iliyozidi maji, na ndani yake mna mistari miembamba iliyolala upande mmoja. Cha kuiga huonyesha kijani au zambarau, na viputo vya mviringo. Mwenye macho haambiwi tazama, na Jicho macho alikuwa nayo, na mdomo wa kuyasifia alikuwa nao pia.

Pete ilikuwa ya mama mkwe wake. Bibi wa watu alikuwa amekonda, ikawa inamponyoka, akataka ipunguzwe ili amvishe binti yake. "Jiwe hili lina mwenyewe, mkwe wangu," alimwambia, akiishika kwa mikono miwili. "Marehemu mama alisema anakaa humo kwa amani, na sisi tumekaa naye kwa amani." Jicho alicheka kwa adabu, kile kicheko cha mtu mbele ya mkwewe.

Hata anayeanza kazi jana anajua kwamba jiwe hutolewa kwanza, ndipo pete ionyeshwe moto. Jicho aliwahi kumwaibisha fundi mwenzake mbele ya wateja kwa kosa hilo hilo. Lakini kucha za fedha zilizolishika jiwe lile zilikuwa kuukuu, aliogopa kuzikunjua zisikatike, na zaidi ya yote aliuamini mkono wake. Akalifunika jiwe kwa kitambaa kibichi, akawasha moto. Ta! Sauti ndogo tu. Alipofunua kitambaa, jiwe la vizazi vitatu lilikuwa vipande.

Angesema siku ile ile, angefokewa kidogo yakaisha. Aliona aibu. Yeye, Jicho, aje achekwe na watu aliowacheka? Akaviokota vipande, akavitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka, akalisukuma nyuma ya rafu. Kisha akachukua kitako cha chupa nene, zile ambazo kwa macho ya kawaida ni nyeusi ti, akakikata, akakisugua, akakipachika. Kazi ilitoka nzuri kweli. Mama mkwe akaibusu pete, akamvisha binti yake, akambariki na mkwe kwa mikono yake yenye dhahabu.

Baada ya ile siku ya gurudumu, mambo yakahamia kwa mke.

Jioni moja, jua likizama, alikuwa anasuuza vikombe. Akasimama ghafla, maji yakimtiririka viganjani. "Nyumba yangu iko wapi?" akasema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito na ya upole, sauti ya mtu mzima aliyerudi safari akakuta mlango haupo.

"Unasema nini?" Jicho akanong'ona.

Mkewe akageuka, macho yake mwenyewe, sauti yake mwenyewe. "Mimi? Sijasema kitu. Kwa nini unanitazama hivyo?"

Kuanzia hapo kila magharibi ilikuja na lake. Ilianza harufu ya jiwe lililoungua, ikifuatwa na ubaridi uliotambaa sakafuni mpaka vifundoni, kisha mke huyo huyo aliyekuwa akicheka na jirani dirishani muda mfupi uliopita huacha alichokishika, huanza kupapasa kuta za nyumba kwa viganja, chumba hadi chumba, nyuma ya kabati, chini ya meza, ndani ya masufuria, kama anayetafuta tundu la kuingilia, na kila alipopita karibu na mumewe alimnusa shingoni, akaendelea kupapasa, huku pete ile ikigonga ukuta, ta, ta, ta, mpaka giza liingie kabisa aanguke alipo. Akizinduka, kucha zake zilikuwa zinavuja damu, na hakukumbuka chochote.

Mama mkwe akaitwa, akaja na hasira zake.

"Umeivua! Sema kweli, umeivua ukaitupa ovyo, umemuudhi!"

"Sikuivua, Mama."

"Miaka yote kwangu hajawahi hata kupiga chafya. Kwako siku mbili tu kaja juu! Umemfanya nini?"

"Naapa sikuivua, Mama." Akamtazama mumewe amtetee. Jicho akainama, akaanza kuufunga upya uzi wa kiatu ambao haukuwa umefunguka. Moyoni alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

Mganga alikuja alasiri, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, analalamikia goti. Aliketi karakanani karibu na dirisha, akawasha ubani, akaivua pete kidoleni mwa mgonjwa na kuigeuza geuza.

"Wa humu si mbaya," akasema. "Ana tabia moja: hakai na uongo, akiusikia huinuka. Nitamsomea arudi ndani, atarudi. Ila lazima nyumba iwe ile ile. Nikimwingiza pasipo pake, atakapotoka tena hatabisha hodi." Akamgeukia Jicho. "Fundi, wewe ndiye mjuzi. Hili ni jiwe lenyewe?"

Mama mkwe alikuwa pale, mikono kifuani, akimtazama kwa imani yote.

"Lenyewe," Jicho akasema. Na kwa kuwa aliona haitoshi, akachukua sindano akalikwaruza jiwe. Akaliweka shavuni mwa mama mkwe. "Unasikia baridi yake, Mama? Hilo ndilo jiwe la kweli. Naapa." Alizifanya mbele ya mama mkwe wake zile mbinu za wachuuzi alizozicheka maisha yake yote.

Vuuu.

Gurudumu lilianza kuzunguka mezani peke yake, waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote. Mganga alikaza kusoma, moshi wa ubani ukajikunja kuelekea kwenye pete, mke akatetemeka mabega, akainuka nusu, kisha akapiga yowe ambalo Jicho alikuwa hajawahi kulisikia kwa binadamu wala mnyama, akaanguka akijikwangua kifua kwa kucha zile zilizochubuka, na katikati ya sauti ile nzito iliyokuwa ikirudia "si kwangu, si kwangu, si kwangu," ikapenya sauti yake mwenyewe, ndogo, ya mtoto anayechapwa bure: "Sikuivua, Mama, jamani, mimi sikuivua."

Jicho akaipokonya pete. Akaipeleka dirishani, akaunyanyua ukingo wake kwenye jua.

"Njoo uone, Mama." Alikuwa analia. "Kijani. Unaona kijani? Na viputo? Hii ni chupa. Nililipasua jiwe kwa moto, nikaona aibu. Mtoto wako hana kosa."

Mama mkwe alitazama ukingo ule. Hakumfokea. Alijifunika uso kwa upande wa kanga, na Jicho akaona bora angefokewa.

Kopo likaletwa. Mganga akavipanga vipande juu ya kitambaa, kama mtu anayeunga chungu. Ukingo wa kila kimoja ulipopata jua ulitoa rangi ya moshi. Akasoma. Gurudumu likasimama, ubaridi ukaondoka sakafuni, na mke akafumbua macho akaomba maji.

"Ameingia," mganga akasema, huku akikifunga kitambaa. Kisha akasita, akakifungua tena, akagusa pengo dogo katikati. "Hapa pamekosekana kipande. Kidogo tu, kama punje ya mchele."

Walifagia karakana, wakapekua nyufa za meza. Hawakukipata. Mama mkwe akaondoka na kitambaa chake kifuani, akamuaga binti yake tu.

Siku zikapita bila harufu wala baridi. Mchana mmoja, umeme umekatika, mke alimwekea Jicho chakula, akaketi mbele yake na vidole vyake vyenye makovu.

"Nikuulize kitu," akasema kwa sauti ya chini. "Ningekuwa sijapiga yowe siku ile. Ningekuwa nimeendelea hivyo hivyo, na Mama ananitukana. Ungeniacha mpaka lini?"

Jicho akaweka tonge chini. Akamshika mkono.

"Nilikuwa nimeshaamua, mke wangu. Siku ile ile ningesema, haki ya Mungu."

Upande wa pili wa ukuta, polepole, gurudumu likaanza kuzunguka. Mkewe aliusikiliza mlio ule mpaka mwisho, kisha akautoa mkono wake.