Chumvi Kwenye Barafu

IJUMAA, ASUBUHI

"Adhana ikilia, soko zima linahamia msikitini," Fazlu alisema. "Stoo ya dawa anabaki mlinzi mmoja. Huyo nitamfunga mimi. Ditta anafungua kufuli, Sharafat anapakia. Imamu hatamaliza hotuba kabla hatujarudi hapa."

Hapa ni chumba cha nyuma cha Sharafat, muuza kulfi, ile barafu ya maziwa. Jua la Multan, Pakistan, lilikuwa limeanza kuchoma mabati.

Allah Ditta alikuwa amechoka hata kabla ya kuanza. Jela alishaionja, na alikuwa ameapa kutorudi. Lakini baridi yabisi ilikuwa imepinda vidole vya mkewe, Sughra. Sasa Ditta ndiye aliyekanda unga wa chapati. Ditta ndiye aliyemsuka. Sindano za kumtuliza maumivu zilikuwepo stoo, ila si kwa mfuko wake.

"Fungu langu boksi moja la sindano," alisema. "Mengine kuleni nyinyi."

"Mahaba ya uzeeni!" Fazlu alicheka. "Utapata, mzee."

"Zikae kwenye baridi. Joto linaziua."

"Mimi ndiye wa kufundishwa baridi?" Sharafat alidakia. "Nauza kulfi tangu sina ndevu!"

ADHUHURI

Mlinzi alifungwa bila kelele. Ditta alipiga magoti mbele ya kufuli. Kipaza sauti cha msikiti kilimletea hotuba yote, nayo ilihusu amana. Kufuli likaachia, akalitia mfukoni.

Sharafat aliyazika maboksi kwenye mitungi ya barafu, akasukuma mkokoteni.

"Kulfi! Kulfi ya maziwa!"

Kwenye kona, polisi mnene akainua mkono. Ditta, aliyefuata nyuma, aliinamisha uso.

"Nipe moja."

Sharafat alimpa. Polisi akalamba, akafumba macho. "Tamu. Nenda."

KABLA YA ALASIRI

Chumbani, Ditta alichomoa boksi lake. Akaitikisa sindano. Ndani hakikucheza kitu.

"Imeganda. Sharafat, umetia nini kwenye barafu?"

"Chumvi. Bila chumvi kulfi haigandi. Ndivyo alivyofanya marehemu baba."

Ditta aliketi chini. "Nesi alituambia. Ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka, ni ya kutupa."

"Ikiyeyuka nani atajua?" Fazlu aliuliza. "Mnunuzi anakuja sasa hivi."

"Mgonjwa atajua."

"Mgonjwa atasema ni kudra ya Mungu."

Sharafat alikohoa. "Fazlu, labda tu..."

"Nyamaza, muuza barafu wewe!"

Ditta alimwaza mwanamke mwingine, mahali fulani, ameuza bangili zake, anasubiri vidole vinyooke. Akainuka taratibu.

"Naenda kutawadha."

Alivuta mlango wa chuma nyuma yake, akapachika kufuli la stoo. Maisha yake yote alikuwa wa kufungua. Hili lilijifunga kwa mlio mdogo.

Ngumi zikatua mlangoni. "Mzee! Fungua! Nani atamkandia mkeo unga?"

Ditta aliweka kiganja juu ya chuma cha moto. Kisha akatembea hadi kwenye kona.

Polisi mnene alikuwa bado na maziwa kwenye masharubu.

"Afande, wezi wa stoo ya dawa wamo kwa Sharafat. Na mimi ni mmoja wao. Mwambieni mwenye stoo kwamba sindano zimeganda. Zisirudi kwenye friji. Asiuziwe mtu."

Akanyoosha mikono. Unga wa asubuhi ulikuwa umekauka kwenye kucha.