Vibao vya Rafu ya Bondeni

Mkiniona nimejifunga mtandio shingoni na joto hili, msiniulize. Tutafika huko. Kwanza niwape habari ya dada yangu, maana mtaani wanaisimulia kombo, na mimi nikiisikia inasimuliwa kombo napandwa na hasira mpaka mikono inatetemeka. Na kazi yangu haitaki mikono ya kutetemeka.

Mimi nachonga mihuri. Kibanda changu kinatazamana na ofisi za kaunti. Dada yangu, tumbo moja, alifanya kazi ng'ambo ya barabara, chini kabisa ya jengo lile, kwenye hifadhi ya nyaraka. Chumba hakina dirisha. Ni rafu za chuma tu, kutoka sakafuni hadi darini, zimejaa mafaili ya kaunti tangu enzi za babu zetu. Dada aliyapenda mafaili yale kuliko watu wengine wanavyopenda waume zao, na shemeji alikuwa akimtania hivyo hivyo mezani.

Kule chini walikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Rafu haiachwi na pengo. Faili likitoka, kibao cha mbao kinaingia mahali pake, kimeandikwa jina la aliyelichukua. Ukifika ukakuta kibao, unasoma jina, unamfuata mwenye jina. Dada alikuwa hivyo hata nyumbani. Ukiazima sufuria yake anakuuliza umeacha nini mahali pake.

Basi akaja mkurugenzi mpya. Sisi tulimwita Suti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila suti, jua liwake lisiwake. Jumatatu moja, siku ya kawaida kabisa, nimetoka tu kufungua kibanda, dada bado hajamaliza chai yake ya asubuhi, Suti akashuka hifadhini. Alitaka chumba cha mikutano. Akaitupia jicho rafu ya mwisho, rafu ya Bondeni, akasema takataka hizi zichomwe leo leo.

Takataka! Watu wa Bondeni walihamishwa zamani, kaunti ilipojenga bwawa. Kila nyumba iliitwa mbele ya karani, ikaeleza shamba lake, miti yake, makaburi yake, kisha mwenye nyumba akabonyeza dole gumba kwenye wino wa zambarau, akalipiga kwenye karatasi. Waliahidiwa ardhi nyingine. Mpaka leo hawajapewa hata ya kuzikia paka. Vijiji viko chini ya maji, makaburi yako chini ya maji, na wenyewe wamekufa wametawanyika. Alama zile za dole ndizo kitu chao pekee kilichobaki juu ya maji.

Dada alibisha. Alibisha mpaka machozi yakamtoka. Alipoona haisaidii, akasema basi, lakini faili halitoki bila kibao.

Suti akacheka. "Si wewe ndiye mwenye chumba? Andika jina lako."

Na dada yangu akaandika. Mtu mwingine angeyabeba tu, akaacha rafu tupu, akaenda zake nyumbani. Yeye hakuweza. Aliandika jina lake kwenye kila kibao kwa kalamu nzito, akakisimamisha mahali pa kila faili, huku mafaili yakiungua kwenye pipa nyuma ya jengo na Suti amesimama kando anajipepea na gazeti. Bwana yule hakuandika jina lake popote. Hapo ndipo nyongo yangu inapochemka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa namsuka dada barazani. Nikazigawa nywele za kisogoni, nikaona doa la zambarau. Nikadhani ni wino wangu. Nikalamba kidole, nikasugua. Halikutoka. Nikainama nione vizuri.

Lilikuwa alama ya dole gumba. Mistari yote ipo, na katikati imekatwa na kovu.

"Umeshikwa na nani hapa?" nikamuuliza.

Nilimshikia kioo kisogoni, yeye akashika kingine mbele, akajitazama. Kisha akanong'ona, "Hili nalijua. Ni la mama mmoja wa Bondeni. Alijikata na kisu cha kupaa samaki. Limo kwenye maelezo yake."

Nilimwambia aache mambo ya kuota mchana. Nikamsugua kwa sabuni, nikamsugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alama ikabaki vilevile.

Zikaongezeka. Zilianzia kisogoni, zikateremka mgongoni, zikapanda kuzunguka shingo. Kubwa, ndogo, nyembamba, za wazee zenye mistari iliyofifia. Na kila zilipokaa, dada hakuhisi kitu tena. Nilimgusa begani kwa pasi yenye moto, kwa bahati mbaya, akaendelea kunisimulia habari za sokoni. Shemeji akampeleka hospitali, wakampa dawa ya kupaka. Dawa ya kupaka, jamani!

Nguvu zikaanza kumwisha. Sauti ikawa ya kupwaya. Akawa anasahau yeye ni wa nyumba ipi. Siku moja nilimuuliza anataka kula nini, akanijibu kwamba shamba lake linaishia kwenye mto, penye miti ya matunda. Dada yangu hajawahi kuwa na shamba.

"Wanafuata kibao," aliniambia siku ambayo akili yake ilikuwa imetulia. "Wamekuja rafuni, hawakujikuta. Wakasoma jina."

Ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nikatukana matusi ambayo marehemu mama angenifinya kwayo. Katika jengo zima lile, waliofuata utaratibu ni wafu peke yao! Sina ugomvi nao. Walikuwa na haki yao. Ila walikuwa wanamdai mtu siye.

Nikakumbuka kitu. Suti alikuwa ameniagiza muhuri. Jina lake kamili, cheo chini yake, herufi kubwa, "zionekane kutoka mlangoni." Nilikwisha kuuchonga, na yeye kwa majivuno yake hakuja kuuchukua. Ulikuwa kwenye droo yangu.

Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipotoka, nilimshika dada mkono tukashuka hifadhini. Mafundi wa kubomoa rafu walikuwa hawajaja. Taa ilikuwa inawaka na kunguruma. Chumba kilinuka moshi, wakati hakuna kilichowahi kuungua humo ndani.

Na hatukuwa peke yetu. Sikuona mtu. Lakini nilisikia. Mtu alikohoa taratibu, kama anayengoja zamu. Mwingine akavuta pumzi. Nguo zikasuguana. Foleni ndefu ya watu waliochoka, imejipanga kati ya rafu, imeninyamazia.

"Usigeuke," dada akanong'ona.

Sikugeuka. Nikafungua pedi ya wino. Nikagonga muhuri kwenye kibao cha kwanza, juu ya jina la dada. Pwaa. Nikamtazama shingoni. Alama moja ikafifia. Ikaondoka mbele ya macho yangu.

Nikagonga cha pili. Cha tatu. Kumbe nalia. Nagonga nalia, nagonga natukana. Herufi kubwa, Suti! Zionekane kutoka mlangoni! Nyuma yangu foleni ilikuwa inapungua. Hatua moja. Nyingine. Mtu mmoja akapita karibu sana, baridi ikanigusa sikio. Dada alianza kusikia mikono yangu nilipomshika. Akasema, "Unaniumiza." Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Kikabaki kibao kimoja, rafu ya chini kabisa. Nyumba ya mtoto yatima. Wazazi walikufa kabla ya kuhama, kwa hiyo karani alimbonyezesha dole mtoto mwenyewe. Alama yake ilikuwa kwenye koo la dada, ndogo, saizi ya punje ya choroko.

Nikachuchumaa. Mlango ukafunguka.

"Mnafanya nini na jina langu?"

Suti. Nikamwambia, "Tunaliweka mahali pake."

Uso ukamjaa hasira. Akapiga hatua, akakinyakua kile kibao cha mwisho kabla muhuri haujakigusa, akakitia mfuko wa ndani wa koti. Mahali pake pakabaki pengo. Dada akatoa sauti ambayo sijui niiite nini. Taa ikaacha kunguruma. Hakuna aliyekohoa tena.

"Kesho nikute barua yako ya kuacha kazi," Suti akamwambia dada. Kisha akatazama kiganja chake. Katikati palikuwa na alama ya zambarau. Akaifuta kwa kitambaa. Akafuta tena. Akanigeukia mimi. "Wino wako mbaya. Hautoki."

"Utazoea," nikamjibu.

Kuanzia siku ile alifunga vifungo vyote hadi shingoni. Kisha akavaa glavu. Sekretari wake, ambaye hununua mihuri kwangu, alisema bosi hajibu simu, anakaa tu na kueleza mipaka ya mashamba ambayo hakuna anayeyajua. Asubuhi moja nikasikia sekretari akipiga ukelele mpaka kwenye kibanda changu. Nilivuka barabara nikikimbia, nikapanda, nikaingia.

Suti ilikuwa imekaa kwenye kiti. Imefungwa vifungo, tai imekazwa, glavu ziko mezani kwenye ncha za mikono. Ndani hamna mtu. Nililifungua koti kwa mikono yangu miwili. Bitana yote, kila kipande, ilikuwa alama za madole, mbichi.

Sikumhurumia. Nilitia mkono mfuko wa ndani kutafuta kile kibao. Hakikuwemo. Nikapekua kila mahali, nikapiga magoti chini ya meza yake mbele ya watu. Hakikuwemo.

Na koo la dada lilikuwa bado na ile alama ndogo. Nikachonga kibao kipya, nikakigonga muhuri wa Suti, nikakiweka kwenye pengo. Kesho yake tulikikuta sakafuni, kifudifudi. Nikakirudisha. Kikaanguka tena. Bila shaka, mtoto alikwisha kujua kwamba mwenye jina lile hayupo. Wakati huo alama ilikuwa inakua. Ikawa saizi ya harage. Ikawa saizi ya dole la mtoto wa shule. Dada akaanza tena kupwaya sauti, akaniuliza mama amekwenda wapi, mbona anachelewa kutoka bondeni.

Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu.

Kibao kile hakijaanguka mpaka leo. Dada ni mzima, anampikia shemeji na kumgombeza, shingo yake safi kabisa, haina hata doa. Hajui nilichoandika, na atakayemwambia atanijua mimi ni nani. Ndiyo maana ya mtandio. Siogopi sana. Nazungumza naye huyo mtoto nikiwa peke yangu kibandani, namwambia nimeandika barua za kudai ardhi yao, na nitaandika nyingine. Tangu nianze kuziandika, alama imeacha kukua.

Jana alikuja mkurugenzi mwingine. Kijana, amenyoa vizuri, anacheka na kila mtu. Ameagiza muhuri wenye jina lake. Akaniambia pia, bila kuulizwa, kwamba wiki ijayo anasafisha chumba kile cha chini, makaratasi yote yaliyobaki, na vile vibao vya zamani vitafaa kuwashia moto.

Nikamtazama. Nikaushika mtandio kooni, na kwa mara ya kwanza hasira haikuwa yangu peke yangu; na mtoto alikuwa amekasirika.

"Unataka herufi za namna gani?" nikamuuliza.

"Kubwa," akasema.

Nikafungua pedi ya wino nimwonyeshe rangi. Pedi ilikuwa mpya, haijaguswa. Katikati yake, mbele ya macho yetu wote wawili, wino ukabonyea taratibu, dole dogo, likanyanyuka.