Kabati Moja na Vyote Vilivyomo

Asubuhi hiyo dalali wa mahakama alikuta kibandiko kwenye birika lake: namba moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, gundi bado mbichi.

"We mtoto, umeanza kuninadi?" alimuuliza binti yake, aliyekuwa akifunga kamba za viatu vya shule.

"Mama, na birika hilo linavyovuja, nani atalinunua?"

Wakacheka. Kazi yake ilikuwa hiyo: mahakama ikishahukumu na mdaiwa akashindwa kulipa, yeye huingia nyumbani kwa mtu na amri mkononi, akabandika namba kwenye kila kitu, akaandika orodha, kisha akauza. Huenda kibandiko kimoja kilimganda mkobani.

Jioni akavikuta sita. Jiko, meza, viti vinne. Nyumba ilinuka gundi na kafuri.

Hapo akakumbuka kabati.

Wiki mbili nyuma, kwa mjane mmoja, walikuta kabati linalonuka kafuri, limefungwa na ufunguo haupo. Utaratibu unataka livunjwe mbele ya mashahidi, kilichomo kiandikwe. Lakini lori lilikuwa linangoja na miguu yake imevimba. Akaandika: kabati moja na vyote vilivyomo. Akasaini.

Mjane akamshika mkono. "Mwanangu, hilo lina mwenyewe. Nipe siku saba tu, nimbembeleze ahame."

Siku saba! Kila mdaiwa ana mgonjwa, ana msiba, ana siku saba. "Amri ni amri, mama," alimjibu.

Kesho yake alikwenda kwa seremala aliyelinunua mnadani.

"Mbona nimeshalipasua?" seremala alisema, akimwonyesha vigoda vitatu. "Halikuwa na kitu. Tena risiti yako hii hapa, umeandika kabati moja, basi. Vilivyomo sikuuziwa mimi."

Dalali aliisoma risiti mara mbili. Kweli, hakumuuzia.

Akamwita mganga. Mzee alifika mchana kweupe, akaishia kizingitini, pua juu.

"Jini aliyekuingilia ningemtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu wewe ndiye uliyeingia kwake, ukamchukua, ukamtilia saini. Nimtoe kwa haki gani?"

"Nifanye nini basi, babu? Nina mtoto mmoja."

"Mrudishie nyumba yake."

"Imekuwa vigoda."

Mganga alifunga mkoba wake, akaondoka bila kudai hata nauli.

Siku ya nne alibaki nyumbani, akibandua vibandiko na kuvichoma, na kila alipokimaliza chumba kimoja alisikia chumba cha pili karatasi ikichanwa, kisha dole gumba likiminya, taratibu, kama mtu asiye na haraka kwa sababu karatasi zake zimekamilika. Namba ikapita godoro, ikapita vikombe, ikapita kanga aliyojifunga bila yeye kuhisi mkono, ikaingia chumba cha binti, ikashika kitanda, daftari, kitana chenye nywele za mtoto, na ya thelathini na tisa ikawa kwenye kandambili zake ndogo, mguu wa kushoto na wa kulia pamoja, kama pea zinavyoandikwa.

Dalali alipiga magoti sakafuni.

"Nipe siku saba," alinong'ona. "Chukua nyumba. Nichukue mimi. Siku saba tu, nikutafutie pa kukaa."

Harufu ya kafuri ikapungua, ikaisha kabisa. Akalia kwa shukrani.

Mlango ukafunguliwa, binti yake alikuwa amerudi, begi begani, vumbi miguuni. Mama alimkumbatia kwa nguvu zote. Vidole vyake vikapita chini ya kola ya sare, shingoni, vikagusa karatasi. Gundi ilikuwa mbichi.

Nje, lori ambalo hakuna aliyeliita lilisimama.

"Amri ni amri, mama," binti alimwambia sikioni, kwa upole, pumzi yake ikinuka kafuri.