Mchumba Kalewa Mchana Kweupe

Soko la Hussain Agahi, mjini Multan, Pakistan, siku chache kabla ya Idi, halifai kwa mwenye roho ndogo. Mahrukh alikuwa mlangoni mwa duka lao la halua, mtandio wa rangi ya bizari umemteleza begani, mikono imejaa samli mpaka kwenye viwiko, anamfokea mchukuzi. Akasikia sauti ya kiume nyuma yake.

"Samahani dada, sogea kidogo nipite."

Akageuka. Kati yake na ukuta palikuwa na nafasi ya kupita punda na mkokoteni wake. Anayeomba njia ni kijana mrefu, mwembamba, macho ya upole, ndani ya kanzu ya kijivu ambayo wangeenea wawili.

"Upite wewe na nani?"

"Mimi tu."

"Basi si upite! Au nyuma umefuatana na tembo?"

Kijana akacheka kwa haya. Lakini jamani, akapita kiubavuubavu, kavuta tumbo ndani, na tumbo lenyewe halipo! Mahrukh akaangua kicheko mpaka wateja wakamtazama. Kijana aliitwa Ihtisham, mpima ardhi. Kwa kukosa la kusema akanunua kilo nzima ya halua, akaondoka na namba ya simu ya duka.

Wiki haikupita bila yeye kurudi. Halua aliigawa ofisini, simu akazipiga mwenyewe.

"Umeamka, laazizi?"

"Nimeamka, nimeswali, nimekoroga sufuria mbili za maziwa. Wewe ndiyo kwanza unapiga miayo."

"Nakupenda ukigomba."

"Halua yangu utaila lini?"

"Jino linaniuma, roho yangu."

"Jino gani hilo lisilopona tangu Idi?"

"Jino la mapenzi."

"Hebu nitokee hapa!" Akakata simu, kisha akakaa anaichekea.

Jino lilikuwa uongo. Nakwambia wewe kabla ya Mahrukh kujua. Miaka ya nyuma Ihtisham alikuwa mnene kupita kiasi, watoto wa mtaani wakimwita Ghala. Akaenda Lahore, madaktari wakamkata tumbo la chakula, wakambakizia kifuko cha kama yai na kukiunga na utumbo kule chini. Unene ukayeyuka. Watu wakadhani ni mazoezi, naye akawaacha wadhani. Ila maisha ndiyo yalibadilika moja kwa moja: tonge dogo atafune mpaka wenzake wamalize sahani, maji asinywe na chakula, vidonge vya vitamini kila asubuhi, na nguo bado ananunua za yule mnene kwa sababu macho yake hayajasadiki. Na sukari ikawa adui. Akila kitu kitamu sana, inamwingia mwilini kwa kasi, na baada ya saa moja hivi inashuka ghafla, naye anashuka nayo: jasho, ulimi mzito, miguu haimtii.

Mama yake alimkanya mapema. "Usithubutu kumwambia mtu. Nani atamtoa binti yake kwa mwanamume aliyekatwa tumbo?"

Mahrukh naye alikuwa na lake, ila yeye alilisema. Baba yake alikufa kwa pombe ya magendo, baada ya kumwaibisha mama yake mbele ya mtaa mzima.

"Nitakuvumilia mengi, Ihtisham. Pombe sikusamehe. Siku nikikuona umelewa, hunioni tena."

"Sijawahi kuigusa, na sitaigusa."

Basi posa ikapelekwa, ikakubaliwa, siku ya pete ikafika. Nyumbani kwao, Mahrukh alitoka amevaa gharara, suruali pana ya sherehe, ya feruzi yenye nyuzi za dhahabu, hina mpaka kwenye viwiko. Ihtisham kakaa kwenye kochi lenye maua, koti refu la rangi ya maziwa, mama yake Bibi Sughra ubavuni. Pete zikavishwa. Kisha akaja Mama Nusrat, mama yake Mahrukh, na sinia la halua aliyoipika kwa mkono wake.

"Fungua mdomo, mwanangu. Anayekataa tamu ya mkono huu, amemkataa binti yangu."

Ihtisham akamtazama mama yake. Bibi Sughra akatazama zulia. Akamtazama Mahrukh, naye anamchekea kwa furaha tupu. Angesema neno moja tu! Akafungua mdomo, akalishwa. Baada ya Mama Nusrat wakaja mashangazi, kila mmoja na kipande chake, kisha Mjomba Latif, ambaye vipande vyake ni kama tofali.

Kwanza jasho likamtoka. "Bwana harusi anaogopa!" watu wakacheka. Chakula kikaliwa, picha zikapigwa. Ilipofika saa ya kuagana, Ihtisham akasimama, akayumba, akamshika Mjomba Latif mabega.

"Mke wangu," akasema kwa ulimi mzito, "umeota ndevu."

Mtu mmoja akacheka, kisha hakuna aliyecheka. Ihtisham akapiga hatua, akaparamia sinia, akaketi juu ya mapaja ya shangazi mtu mzima na kuanza kucheka peke yake, macho hayamwoni yeyote.

"Kalewa!" Mjomba Latif akapiga ukelele. "Mchana kweupe! Na manukato yote hayo, kumbe anaficha harufu!"

La haula! Mama Nusrat alishika kichwa. Mahrukh ni kama alimwona baba yake akirudi nyumbani amelewa. Akaivua pete, akaiweka kochini penye maua, akaingia ndani. Bibi Sughra akaiokota pete, akawa anamkokota mwanawe huku anajibu kila anayeuliza, "Ni homa, ni homa tu," kisha akamtilia juisi mdomoni ndani ya gari.

Kesho yake simu ikalia.

"Mahrukh, sikunywa."

"Baba yangu naye alikuwa akisema hanywi. Muulize mama."

"Wallahi sikunywa."

"Usiniapie! Basi ilikuwa nini?"

Nyumbani kwa Ihtisham, Bibi Sughra alikuwa amesimama mlangoni, anatikisa kichwa. Ihtisham akaishia kumtazama mama yake.

"Nilijua," Mahrukh akasema. Akaifungia namba yake. Alilia mpaka maziwa ya siku ile yakaungua.

Ihtisham alikaa siku kadhaa hali, halali. Kisha asubuhi moja akatokea dukani, nguo za kazini, uso umemwiva kwa aibu. Mama Nusrat akanyanyua mwiko.

"Mama, nipige baadaye. Kwanza ninuse."

"Nini?"

"Ninuse mdomo. Mbele ya Mahrukh."

Mama Nusrat akasogea kwa tahadhari, akanusa. "Mswaki," akamwambia binti yake.

Ihtisham akatoa chupa ya juisi mfukoni, akaiweka juu ya kaunta. "Nikianza kupotea, ninywesheni hii wakati bado naweza kumeza. Sasa niuzie halua, Mahrukh. Kisha usiniondolee macho."

"Una wazimu?"

"Nimekuapia, hukuamini. Basi tazama."

Akala vipande vinne, akaketi kwenye benchi mbele yao. Mahrukh alimtazama kwa hasira, akapima halua ya watu, akamtazama tena. Ihtisham hakuinuka. Hakutia mkono mfukoni. Jasho likaja. Baadaye mikono ikaanza kutetemeka, na kwa ulimi uleule mzito wa siku ile akaanza kuisalimu mizani.

"Shikamoo, mwalimu."

Halua ya mteja ikamwagika. "Mama!" Mahrukh akapiga yowe. "Mama, hajanywa kitu! Nilikuwa namtazama! Hajanywa!"

Wakamwinua kichwa, Mahrukh akamnywesha juisi, fundo kwa fundo.

"Sukari imemwangusha, na sukari ndiyo imwinue?" Mama Nusrat alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa.

Taratibu macho yakarudi. Ihtisham akaeleza yote, Lahore, kisu, kifuko, vidonge. Akafunua nguo kidogo tumboni, makovu madogo yakaonekana. Mahrukh akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kumchapa na mtandio huku analia.

"Ungekufa hapa! Ungekufa mbele yangu, mpumbavu wewe! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utamwona yule mnene."

"Yule mnene kanikosea nini? Aliyenikosea ni huyu mwembamba, mwongo!"

"Nisamehe, roho yangu."

"Itaisha lini hii?"

"Haiishi. Nitakula hivi mpaka nife."

Mahrukh akajifuta uso. "Mpigie mama yako. Sasa hivi, nasi tusikie."

Akapiga, akaiweka sauti wote wasikie. "Mama, nipo dukani kwa kina Mahrukh. Nimewaambia."

Kabla Bibi Sughra hajajibu, Mama Nusrat akaipokonya simu. "Dada yangu! Nimemtia mwanao sumu mdomoni kwa mkono wangu huu, nawe umekaa ubavuni pake, unatazama zulia?"

Upande wa pili kilio kikapasuka. "Niliona aibu, dada. Niliogopa mtamkataa. Bora mmdhanie mlevi, nikasema, mlevi huozwa. Mungu anisamehe."

Ihtisham alikuwa anayasikia hayo kwa mara ya kwanza, naye aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Mahrukh akamwekea mkono mgongoni, mbele ya mama yake na mbele ya wateja, bila kujali. Akaichukua simu.

"Mama, ni Mahrukh. Lete pete."

"Bado unamtaka, mwanangu?"

"Namtaka. Ila siku ya harusi, sinia la halua likija, wewe ndiye utakayesimama mbele ya wageni wote uwaambie kwa nini mwanao halishwi. Kama huwezi, pete ibaki hukohuko."

Bibi Sughra akasikika akipenga kamasi.

"Nitasimama," Bibi Sughra akasema. "Nitasema, mwanangu, tena sitanong'ona."