Sindano Nilizomchoma Magige

"Hiyo mimba si yangu. Beba nguo zako urudi kwenu Butiama."

Magige alimwambia mkewe, Nyamburi, hivyo mbele yangu, mwaka 1975, mkononi ameshika karatasi ya hospitali.

Nyamburi alinitazama mimi, kama vile nina la kusema.

Na kweli nilikuwa nalo, wasomaji wangu... ila siku ile nilikuwa bado sijalijua.

Naitwa Pastory. Nilikuwaga dresa kwenye zahanati ya kijiji cha Ujamaa, nje kidogo ya Bunda. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda, lakini kijiji kizima kiliniita daktari, nami nikavimba kichwa.

Magige alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulipohamishiwa kijijini alijenga nyumba upya, akalima pamba yake na ya kijiji, akachoka vibaya. Nyumbani nako mambo mazito. Nyamburi alishapoteza mimba mbili.

"Pastory, siku hizi nasinziaga mpaka mkutanoni. Nipe kitu cha nguvu."

Kabatini kulikuwa na boksi la sindano aliloliacha mzungu mmoja wa misheni. Karatasi yake ilisema ni homoni ya kiume. Nikawaza, mwanaume akiongezewa uanaume, ubaya uko wapi?

Nikamchoma. Kila wiki mbili, mwezi baada ya mwezi.

Jamani, mtu alibadilika! Kifua kikajaa, ndevu zikaota, gunia la pamba anabeba peke yake. Watu walimsifu yeye, mimi nikajisifu mwenyewe.

Kumbe alikuwa na siri. Korodani zake zilikuwa zinasinyaa. Aliona aibu kuniambia, na mwezi wa tano wa sindano akapanda basi kwenda Musoma kupima. Habari za sindano hakuzitaja, na karatasi ikarudi imeandikwa kwamba hana mbegu hata moja.

Wiki hiyohiyo tumbo la Nyamburi likaonekana. Alikuwa ameificha mimba miezi minne, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu waliokwisha kupoteza.

Basi, Magige akamfukuza. Wazee wakakaa, ng'ombe wa mahari wakarudishwa. Na kwetu ng'ombe wakisharudi, mtoto si wako tena, hata mfanane kama shilingi kwa ya pili.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Musoma kuchukua dawa za zahanati. Nikamuuliza daktari mmoja, kwa kuzunguka, kuhusu zile sindano.

Akaweka kalamu chini.

"Chini ya ubongo kuna tezi, inaitwa pituitari. Ndiyo inayotuma homoni za kuziamuru korodani zifanye kazi. Ukimjaza mtu homoni ya kiume kutoka nje, tezi inaona imetosha, inaacha kutuma. Korodani zinalala."

"Na mbegu?"

"Miezi miwili, mitatu, zimekwisha. Akiacha sindano, mara nyingi zinarudi polepole. Kwani nani kachomwa?"

"Nimeuliza tu."

Kwenye basi nilihesabu miezi kwa vidole. Nyamburi alishika mimba mwanzoni kabisa, kabla mbegu hazijaisha. Mtoto alikuwa wa Magige!

Ilinipasa nishuke Bunda nikamwambie. Lakini niliogopa jela, nikaogopa na panga lake. Nikamwambia tu kwamba dawa zimekwisha.

Sasa sikieni ukimya wangu ulivyozaa.

Magige aliwachukua ng'ombe walewale akamuoa Tereza wa Suguti. Na kama daktari alivyosema, tezi iliamka. Mwaka wa pili Tereza akashika mimba.

Magige akanijia na karatasi yake, imechakaa kwa kukunjwa.

"Wewe ni mtu wa dawa. Hii inasema sina mbegu. Kuna namna yoyote hii mimba ikawa yangu?"

Alikuwa ananiomba, wasomaji. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo.

"Karatasi ya hospitali haidanganyi," nikamjibu.

Tereza aliondoka siku hiyohiyo.

Magige hakuoa tena. Alizeeka peke yake, akijipikia ugali. Mwezi uliopita tumemzika. Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu watupe udongo, watu walitazamana, hakutoka mtu. Nikautupa mimi niliyemchoma.

Usimchome mtu dawa usiyoijua. Hilo ni funzo dogo. Sindano zilimnyima Magige uzazi kwa miezi michache tu, lakini mdomo wangu ulimnyima watoto maisha yake yote.

Enoka, mwana wa Nyamburi, Butiama. Masatu, mwana wa Tereza, Suguti. Mjukuu wangu anayeniandikia haya ananiambia wote mko humu Facebook, na hamjuani.

Mama zenu hawakukosa lolote. Mlikuwa na baba, na ninyi ni ndugu. Kaburi lake liko pembeni ya kaburi la mama yake, udongo bado mbichi.