Munyaneza Apimwa Utumbo Mara Mbili

Munyaneza anauza maziwa Kimanga, mjini Uvira. Kila asubuhi bidoni zake, yaani madumu ya maziwa, hufika kwa pikipiki kutoka malishoni. Wateja wanampenda kwa sababu haongezi maji. Ana miaka hamsini na moja, ana nguvu, na hapendi kabisa kuambiwa la kufanya.

Mwaka jana kaka yake, Cyprien, alifariki akiwa na miaka hamsini na minne. Alianza kutoa damu chooni. Kwa aibu, aliificha damu hiyo miezi minane. Alipofika hospitali, kansa ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini. Daktari alisema wazi kwamba ni kansa, lakini ukoo haukutaka kusikia. Walisema amepewa sumu, na wakamnyooshea kidole mjane wake, Murekatete. Munyaneza naye aliamini. Akikutana na shemeji yake njiani, alivuka upande wa pili. Inasikitisha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jirani yao Capitoline ni muuguzi wa kituo cha afya. Asubuhi moja alikuja kununua maziwa, akabaki hadi wateja wengine walipoondoka.

"Papa Munyaneza, weye pia unapashwa kupimwa utumbo," alisema.

"Minye siko mugonjwa. Na ndugu yangu balimupa sumu."

"Sumu haiotake mu tumbo, Papa. Kile kyenye kilimuua kiliota pole pole, myaka mingi."

Capitoline alimweleza taratibu. Kansa hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo. Kinaitwa polipu. Hakiumi, kwa hiyo mwenyewe hajui. Kikionekana mapema, daktari hukitoa kabla hakijageuka kansa. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua kansa hii asingoje dalili. Aanze kupimwa akiwa na miaka arobaini, au hata kabla.

Munyaneza aliuliza wanapima vipi. Capitoline alimjibu bila kuzunguka. Kipimo kinaitwa kolonoskopia. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kwenye njia ya haja kubwa, na daktari huona utumbo kwenye televisheni.

Munyaneza alifunika bidoni yake na kusema kwamba biashara imefungwa. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Mkewe, Domitille, hakugombana naye. Alingoja mpaka wakiwa wawili tu. "Ulimuosha Cyprien mu siku zake za mwisho," alimwambia. "Unataka minye nikuoshe vile?"

Munyaneza aliogopa, na kwa mara ya kwanza alikiri kwamba anaogopa. Kesho yake alimwambia Capitoline amwombee nafasi.

Hospitali yenye kipimo hicho iko Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira. Capitoline alimpa maagizo. Kwa siku tatu kabla ya kipimo, asile maharagwe, mahindi, mboga za majani wala matunda yenye mbegu. Siku ya mwisho asile kabisa. Jioni anywe nusu ya dawa ya kusafisha tumbo, iliyochanganywa na maji mengi. Nusu nyingine ainywe alfajiri.

Munyaneza alifuata yote. Alikwenda chooni hadi akachoka kuhesabu. Domitille alimwonea huruma, akampa kikombe kikubwa cha maziwa. Alfajiri akampa kingine. Wote wawili hawakuona kosa. Wao ni watu wa milimani, watu wa ng'ombe. Kwao mtu anaweza kusema hajala tangu jana, huku ameshika maziwa mkononi.

Huko Bujumbura, Munyaneza alichomwa sindano ya usingizi. Daktari Emery alianza kupima, kisha akakatiza. Ndani ya utumbo mlikuwa na uchafu mzito, na kamera haikuona vizuri. Munyaneza alipoamka, daktari alimuuliza alikula nini.

"Sikukula kitu, Dokta. Nilikunywa maziba tu. Maziba haiko chakula."

Daktari hakumcheka, kwa kuwa naye alikulia katika nyumba yenye ng'ombe. Alimweleza kwamba maziwa huacha mabaki ndani ya utumbo, na polipu hujificha chini yake. Kipimo kibaya kinadanganya. Mtu anarudi nyumbani akijiona mzima, kumbe sivyo. Ilibidi arudi baada ya wiki mbili.

Munyaneza alivuka mpaka amenuna. Aliapa kwamba mpira ule hautamwona tena. Lakini jioni Capitoline alikuja kumwomba radhi.

"Kosa ni yangu, Papa. Nilikukataza maharagi, halafu nikasahau kama niko naongea na muntu wa maziba."

Hapo hasira ya Munyaneza ikaisha. Ni vigumu kumnunia mtu anayekubali kosa lake.

Safari hii Capitoline alitaja pia vinywaji: maji, chai bila maziwa, na mchuzi mwepesi uliochujwa. Vinywaji vyekundu hapana, maana kwenye kamera vinafanana na damu. Siku moja kabla ya kipimo cha pili, Munyaneza aliuza lita arobaini za maziwa bila kuonja hata tone. Majirani walimtania, naye akauza tu. Alfajiri, kilichotoka chooni kilikuwa maji ya manjano yanayopenya mwanga. Hiyo ndiyo alama kwamba utumbo umekuwa safi.

Hospitalini alichomwa tena sindano ya usingizi, akalazwa ubavu wa kushoto. Daktari Emery alipeleka mpira hadi mwisho wa utumbo mpana. Kisha akaanza kuurudisha polepole, kwa maana kazi kubwa ya macho ni wakati wa kurudi. Aliosha kwa maji, akamgeuza mgonjwa, akatazama nyuma ya kila kunjo la utumbo. Nyuma ya kunjo moja aliona polipu yenye ukubwa wa punje ya haragwe. Aliizungushia kitanzi cha waya mwembamba na kuikata. Munyaneza aliamka na kuuliza wataanza saa ngapi.

Siku kumi baadaye majibu ya maabara yalitoka. Kile kinyama kilikuwa kimeanza kubadilika, lakini hakijawa kansa, na chote kilikuwa kimetoka. Arudi kupimwa baada ya miaka mitatu. Munyaneza alilia kwa furaha mbele ya daktari, na hakujificha.

Jumapili, baada ya ibada, aliuomba ukoo wote ubaki kanisani. Murekatete alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma, kama kila Jumapili tangu msiba. Munyaneza alisimama.

"Cyprien hakupewa sumu," alisema. "Ilikuwa kansa. Ile ugonjwa ilikuwa inaanza mu tumbo yangu pia, na dokta aliikata. Ndugu zangu wote, wiki hii muende kwa Mama Capitoline. Na weye, shemeji, nilikukosea. Unisamehe."

Murekatete alisimama pia.

"Nilisema vile tangu siku ya kwanza," alisema. "Leo mumesikia."

Akakaa. Domitille akachukua Biblia yake, akaenda kukaa naye. Wanawake wa ukoo wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka benchi likajaa.